Jinsi ya kurekodi mwendo wa mitokondria kwenye aksoni bila kuisingizia protini

Mwanafunzi akiniletea video ya mitokondria (vinu vya nishati vya seli) zilizosimama na kusema kasoro ya Miro1, protini inayozishikilia kwenye mota zinazozisafirisha, ndiyo sababu, kwanza naomba video ya niuroni (seli za neva) zake za kawaida. Mara nyingi nazo zimesimama.

Hatua ya 1. Kuza niuroni za hipokampasi (sehemu ya ubongo) kwenye sahani yenye sakafu ya kioo.

Hatua ya 2. Zitie alama kwa protini inayong'aa, kama mito-DsRed. Kwa kazi hii TMRM, rangi ya kutia mitokondria, siitaki. Rangi hiyo huvutwa ndani na chaji ya utando, kwa hiyo mitokondria dhaifu hufifia, na hizo ndizo unazozitafuta. Juu ya mitokondria hizo dhaifu protini PINK1 hurundikana, huita protini nyingine, Parkin, kisha Miro huharibiwa. Miro ikiondoka, mitokondria haina tena kishikio cha kuiunganisha na protini ya kati TRAK na mota ya kinesini, na aksoni inayokua (mkia mrefu wa niuroni) hukosa nishati mbali na kiini.

Hatua ya 3. Chagua aksoni, si dendraiti (matawi mafupi ya niuroni). Kwenye aksoni kinesini huenda nje na dainini, mota nyingine, hurudi. Kwenye dendraiti mielekeo ya maikrotubuli, reli ambazo mota hupita juu yake, imechanganyika.

Hatua ya 4. Rekodi. Hapa usiwe na haraka. Leza peke yake inatosha kuzisimamisha: mwanga mkali huzalisha oksijeni haribifu, mitokondria ndefu zinakatika kuwa vidonge vya mviringo, kisha zinatulia tuli. Punguza leza hadi picha iwe na chengachenga kidogo. Picha ya kupendeza ni dalili mbaya. Piga moja kila sekunde 2. Weka nyuzi 37, na upashe joto lenzi pia, kwa sababu lenzi ya mafuta inagusa kioo na kunyonya joto pale pale unapotazama. Kama huna kaboni dayoksaidi ya asilimia 5, tumia maji ya seli yenye HEPES, kemikali inayodhibiti asidi. Usirekodi seli zote za kawaida asubuhi na zenye kasoro jioni, zipishanishe. Kisha linganisha dakika ya kwanza na ya mwisho ya seli za kawaida. Mwendo ukiwa umepungua, itupe siku hiyo yote.

Hatua ya 5. Tengeneza kaimografu (picha moja inayoonyesha mahali kwa upana na muda kwenda chini) kwa programu ya Fiji, ukichora mstari kutoka kwenye kiini kwenda nje, kila mara. Mistari wima ni zilizosimama. Usishtuke zikiwa nyingi: kwenye aksoni iliyokomaa, protini sintafilini huzitia nanga.

Hatua ya 6. Rudisha Miro1 nzima kwenye seli zenye kasoro. Mwendo usiporudi, chunguza protini Mfn2, ambayo kasoro zake huleta ugonjwa wa neva wa Charcot-Marie-Tooth aina ya 2A.