Bia au jengo? Hesabu mapigo

Ukijifunza Kijapani, jihadhari na mazoea ya Kiswahili ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tukiikaza, huwa tunaivuta kidogo, na kwa Kijapani mvuto huo hubadili maana: biru ni jengo la ghorofa, biiru ni bia. Tofauti ni urefu wa i, basi.

Dawa yake ni kugonga meza kwa kidole, pigo moja kwa kila mora, yaani kipimo kimoja cha urefu wa sauti: bi-ru mapigo 2, bi-i-ru 3. Konsonanti maradufu nayo ina pigo lake, tena la kimya. Kite (njoo) ni 2, kitte (stempu) ni ki-t-te, 3. Kwenye t ya kwanza ulimi ubaki umebana nyuma ya meno, hewa isitoke. Wengi hutia nguvu pale badala ya kusubiri.

Na ukisikia betto badala ya beddo, kitanda, hujasikia vibaya. Neno la mkopo likiwa na ghuna nyingine (konsonanti za aina ya b, d, g, zinazotamkwa koo likitetema), kama hiyo b, dd huweza kugeuka tt. Baggu, mkoba, nalo husikika bakku. Reddo, nyekundu, halina ghuna nyingine ya aina hiyo, hivyo kwa kawaida hubaki na dd yake.