Antibayotiki ya bandani inavyorudi mezani kwako

Wafugaji wenzangu, hili suala la dawa tunalichukulia poa mno na linatuumiza sisi wenyewe. Kuku akizubaa kidogo tu mtu anakimbilia oksitetrasaiklini, ile antibayotiki, yaani dawa ya kupambana na bakteria, anakoroga kwenye ndoo kwa kukadiria na macho, maji yanakuwa ya njano, kuku wanakunywa siku mbili, wakichangamka basi, pakiti inachomekwa darini. Hapo umeua vijidudu dhaifu tu, wale wagumu umewaacha hai na ndo wanaozaliana bandani sasa. Mwanasayansi Fleming aliyegundua antibayotiki ya penisilini mwaka 1928 alishaonya kuhusu dozi pungufu tangu 1945 alipopokea tuzo ya Nobel, na bado tunafanya vilevile.

Na hao vijidudu sugu hawabaki bandani. Sehemu kubwa ya hiyo dawa humtoka mnyama kwa mkojo na kinyesi ikiwa bado ni dawa, inaingia kwenye samadi pamoja na hao vijidudu, samadi unaimwaga mbichi kwenye mchicha, mvua inasomba mpaka kwenye maji mnayochota, mtoto anaharisha, anapelekwa hospitali na dawa anayopewa haimsaidii kitu. Sio hadithi. Novemba 2015 watafiti China walitangaza jeni la usugu (kipande cha urithi kinachompa kijidudu uwezo wa kuishinda dawa) linaloitwa mcr-1, wamelikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa waliolazwa, tena jeni lenyewe linahama kutoka kijidudu kimoja kwenda kingine. Linaikataa kolistini, antibayotiki ambayo mahospitalini ni dawa ya akiba, yaani ile ya mwisho kabisa, huku mashambani ilikuwa inachanganywa kwenye chakula ili nguruwe wanenepe tu. Mwaka 2017 China ikapiga marufuku matumizi hayo. Umoja wa Ulaya walishakataza antibayotiki zote za kukuzia mifugo tangu 2006.

Kwa hiyo kwanza jua unatibu nini. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, unatokana na kirusi, antibayotiki haikigusi hata umwage ndoo nzima, kinga yake ni chanjo. Kuharisha kwingi kwa vifaranga kunaanzia kwenye maranda yaliyolowa, shika kiganjani ukamue, yakigandamana kama tonge toa weka makavu, na hapo gharama ya dawa umeshaipunguza. Ikibidi kutibu, muone mtaalamu wa mifugo, pima dozi kwa uzito na umalize siku zote hata kama mnyama anaonekana mzima.

Halafu maziwa. Kuchemsha hakuondoi mabaki ya dawa, msidanganyane. Umewahi kuona maziwa yanagoma kuganda kuwa mtindi? Mara nyingine ni penisilini ya ng'ombe aliyetibiwa kiwele, imeua vijidudu vya kugandisha. Muda wa kusubiri dawa iishe mwilini mwa mnyama umeandikwa kwenye lebo, mayai, maziwa na nyama kila kimoja na siku zake, uheshimu hata kama inauma kumwaga.

Samadi irundike, igeuze, iache ichemke yenyewe. Chomeka kijiti katikati, ukikitoa kiwe cha moto mpaka ushindwe kukishika vizuri, lengo ni nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa. Vijidudu vingi vinakufa humo na dawa nyingine zinavunjika, sio zote lakini, ndo maana nasisitiza tupunguze kutoka kule kwenye ndoo.

Na ng'ombe uliyemchoma sindano mfunge kitambaa chekundu mguuni, tarehe iandike kwa chaki mlangoni pa banda, ili anayekamua alfajiri asichanganye maziwa yake na ya wenzake.