Ukitaka vijana waielewe TB, anza na chungwa

Darasa langu ni hiace mbovu iliyoegeshwa nyuma ya gereji, Pasua, hapa Moshi. Wanafunzi ni makonda, mafundi na madada wawili wauza chipsi. Ukiwaita ukumbini hawaji, labda kuwe na soda.

Funga vioo vyote, kaa mbele, menya chungwa taratibu bila kusema neno. Aliye siti ya nyuma atasikia harufu hata hujamaliza. Muulize: nimekugusa? Tumekula sahani moja? Hapo ndipo useme vijidudu vya kifua kikuu husafiri hivyo hivyo, kwa hewa, mgonjwa wa mapafu akikohoa, akipiga chafya, hata akiimba. Kikombe hakihusiki. Kisha fungua vioo, harufu iishe. Hotuba ya madirisha usiitoe, wameshaelewa.

Neno "magonjwa nyemelezi" lisipite hivi hivi. Mimi huuliza mwewe huchukua kifaranga saa ngapi. Watajibu wenyewe: tetea akiwa mbali, au hana nguvu. Tetea ndiyo kinga ya mwili, na VVU humdhoofisha kidogo kidogo. Fangasi wa homa ya uti wa mgongo hupata nafasi hasa CD4, yaani hesabu ya askari wa kinga kwenye damu, ikishuka chini ya 100. TB haingoji hivyo, huja hata CD4 ikiwa nzuri, ndiyo maana anayeishi na VVU akikohoa hata siku moja aende kupima. Kwa wasio na VVU tunasema wiki mbili. ARV humrudishia tetea nguvu. Hilo lisemwe siku hiyo hiyo, wasiondoke na mwewe peke yake.

Usibebe picha ya mgonjwa aliyekonda. Nilibeba mwaka wa kwanza, wakacheka, na kijana mmoja hakurudi tena. Baadaye nikajua naye yuko kwenye dawa. Bado inaniuma.

Makohozi ya kupima TB yafanyie zoezi, maana wengi hupeleka mate. Asubuhi, nje penye hewa: sukutua kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kohoa kutoka kifuani. Watacheka, waache wacheke.

Lazima atatokea wa kusema ukiwa na TB unapelekwa Kibong'oto ukafie huko. Mjibu kwamba hospitali ile ya Siha inatibu TB tangu 1926, na wagonjwa wengi wala hawafiki huko: dawa zinatolewa bure kwenye vituo vya afya, TB ya kawaida miezi 6. Mwezi wa pili mtu hujiona amepona akaacha, hapo pakazie.

Na rangi ya mkojo useme mapema. Konda mmoja alinipigia usiku: "Mama, nakojoa fanta, dawa nimeziacha." Ni rifampisini tu, nikamwambia, inapaka rangi hata machozi. Akanyamaza kidogo, akauliza kama akizimeza saa hiyo bado zitahesabika.