Kufunga mashine ya AC ya juu ya dari kwa usalama: anza na maji

AC ya ukutani ikivuja, mwenye nyumba anaiona siku hiyo hiyo na kukupigia simu. Ile ya juu ya dari ni habari nyingine. Ukishaziba jipsamu na kupaka rangi, mteja anabaki na matundu ya hewa tu, na kila ulichokifanya vibaya kinakaa kimya gizani mpaka siku kitakaposhuka, kwa kawaida kikiwa maji, na mara chache, Mungu atuepushe, kikiwa mashine yenyewe. Nimeifanya kazi hii miaka mingi hapa Dar es Salaam, na nawaandikia mafundi wenzangu, hasa vijana mnaotoka chuoni mkijua gesi na umeme vizuri lakini hamjawahi kuambiwa kwamba adui wenu wa kwanza ni lile bomba la plastiki la kutolea maji.

Nitachukua mfano wa mashine ya ndani ya kilowati 10, ile ya kuning'inizwa chini ya zege na kusambaza hewa kwa njia za bati, yenye uzito wa kilo arobaini na kitu, kwenye ofisi ya ghorofa ya tatu. Kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Pale kinapopingana na mimi, kifuate. Kazi ya kuunganisha umeme ni ya fundi mwenye leseni: Tanzania inatolewa na EWURA, Kenya na EPRA, ambazo ni mamlaka za kusimamia nishati.

Hatua ya 1: Lisome jengo kabla ya kufungua boksi

Beba ngazi, tochi, futi na pima maji. Chungulia juu ya dari na ulitazame zege lenyewe, kwa sababu mazege hayafanani. Majengo mengi ya mjini yana sakafu za mbavu, ambapo katikati ya mbavu zimepangwa tofali zenye uwazi ndani. Tofali hizo hazibebi kitu. Ukitoboa, keekee inazama ghafla kama inaingia kwenye papai. Acha hapo, tafuta ubavu, au weka chuma cha kuvuka kutoka ubavu mmoja hadi mwingine na uning'inize mashine juu yake. Kwenye majengo mapya zaidi unaweza kukuta zege lenye nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu ndani yake. Hilo usiliguse mpaka mhandisi wa jengo akuoneshe kwenye ramani nyaya zinapita wapi, maana ukikata mmoja umedhoofisha sakafu nzima na unaweza kuumia palepale.

Jengo la zamani nalo liulizie asbesto, kwenye dari na kwenye vifuniko vya mabomba. Ukiwa na shaka, usitoboe wala kukwangua. Mwambie mwenye jengo alete wanaojua kuipima.

Sasa pima njia ya maji. Wengi huanza na mahali pa mashine, kisha ndipo wanatafuta maji yapite wapi. Fanya kinyume. Kama bomba la maji lina mita 8 mpaka linapotokea, na unataka mteremko wa sentimita 2 kila mita, unahitaji sentimita 16 za kushuka. Ukiwa na sentimita 10 tu, bado unaweza kufuata kiwango cha chini cha sentimita 1 kwa mita, lakini hapo kila hanga, yaani kishikizo cha kuning'inizia bomba, lazima likae sawasawa. Ukiwa na sentimita 5, sogeza mashine karibu na tundu la maji au agiza yenye pampu. Uamuzi huu ni wa leo, mashine ikiwa bado kwenye boksi.

Hatua ya 2: Zima umeme, uufunge, uupime

Kuzima breka peke yake hakutoshi. Ofisini kuna mlinzi, kuna mpishi wa chai, kuna mtu ambaye printa yake imezimika. Yeyote kati yao anaweza kuinua swichi kwa nia njema huku wewe umeshika waya. Weka kufuli kwenye swichi, ufunguo uingie mfukoni mwako, na uandike jina lako kwenye kibao. Kisha pima kwa mita mara tatu: kwanza mahali unapojua kuna umeme ili uhakikishe mita ni nzima, pili kwenye waya zako, tatu rudi pale penye umeme uone kwamba mita haijafa katikati.

Kwa kufanya kazi kwa muda mrefu juu ya kichwa, tumia jukwaa la magurudumu lenye breki na kinga pembeni. Ngazi ni ya kuchungulia tu. Miwani ya macho na barakoa ya vumbi ni lazima wakati wa kutoboa zege juu yako, kwa sababu vumbi lote linashukia usoni.

Hatua ya 3: Kutoboa na kuning'iniza

Kwa nondo za nyuzi za milimita 10 natumia vile vimrija vya chuma vinavyozama ndani ya zege na kutanuka. Tundu lake ni la milimita 12, kina cha milimita 40. Funga utepe kwenye keekee kuonesha kina. Ukimaliza kutoboa, puliza vumbi litoke, piga brashi, puliza tena. Vumbi likibaki, kimrija kinashika unga, hakishiki zege. Kigonge kwa patasi yake maalumu mpaka kitanuke chote. Utasikia mlio wa nyundo ukibadilika kutoka mzito kuwa mkali, kama unagonga chuma kilichosimama juu ya mwamba. Usipousikia mlio huo, toboa tundu lingine.

Kabla ya kupandisha mashine ninafanya jaribio moja ambalo kijana yeyote wa kwangu analijua. Kila nondo naifungia mfuko wa saruji wa kilo 50 na kuuacha ukining'inia dakika kumi, eneo la chini likiwa limezungushiwa utepe. Maana yake nondo moja peke yake imebeba zaidi ya mashine nzima. Ikilegea hata milimita moja, haifai. Mashine nzito kuliko hii ihesabiwe na mhandisi.

Pandisha kwa winchi ya mkono au jeki ya kupandishia, watu wawili wakiongoza. Usiishike kwenye koili, kwenye mapaipu wala kwenye sinia la kukingia maji. Shika vishikio vyake vya pembeni. Kila nondo iwe na mpira wa kuzuia mtikisiko, na nati mbili chini zikikabana, kwa sababu nati moja hulegea taratibu kwa mtetemo wa feni. Iwekee pima maji kwa urefu na kwa upana. Mashine ikae sawa kabisa, au ilale kidogo kuelekea upande wa tundu la maji kama kitabu kinavyosema, kamwe isilale upande wa pili.

Hatua ya 4: Maji

Kwenye hewa ya pwani, mashine ya kilowati 10 inaweza kukamua lita nne za maji kwa saa. Kwa siku ya kazi ya saa kumi ni madumu mawili ya lita 20, yote yakipita juu ya vichwa vya watu, juu ya kompyuta na mafaili.

Miaka ya mwanzo niliitwa kwenye ofisi moja ambayo maji yalikuwa yakidondoka juu ya meza ya mhasibu. Mashine nilikuwa nimeifunga mwenyewe. Nilipofika iliwashwa, na maji yalikuwa yamejaa sinia, hayatoki. Nikaizima ili nifungue, na hapo hapo bomba likaanza kumwaga kwa kasi. Nikawasha tena, yakasimama. Nilikaa juu ya jukwaa nikitazama jambo hilo mara tatu kabla sijaelewa: feni ilikuwa inavuta hewa kupitia lile bomba la maji, na hewa inayoingia inayazuia maji yanayotaka kutoka. Sikuwa nimeweka trapu. Leja za yule mama zilizolowa nilizianika mimi mwenyewe, karatasi moja moja, na tangu siku hiyo sijaacha kuifanya hatua hii kwa mikono yangu.

Trapu ni kile kipinda cha U, kama kile cha chini ya sinki. Maji yanayobaki ndani yake ndiyo yanayoziba hewa. Kina chake kinategemea nguvu ya feni: kila paskali 10 za mvuto hunyanyua maji milimita 1. Feni inayovuta paskali 300 kwenye sinia inanyanyua milimita 30. Mdomo wa kutokea wa trapu uwe chini ya tundu la sinia kwa kiasi hicho pamoja na milimita 25 za akiba, yaani 55, na sehemu ya U ishuke chini zaidi ya mdomo huo kwa angalau nusu ya hizo 55. Weka kifuniko cha kufungulia ili trapu isafishwe. Mashine yenye pampu ya ndani ina utaratibu wake, na nyingi hazitaki trapu kabisa, kwa hiyo soma kitabu.

Bomba lenyewe lifungwe hanga kila mita moja. Bomba la plastiki likikosa hanga hubonyea katikati, na pale lilipobonyea maji yanasimama na utelezi unaota ndani. Lifunike kwa insulesheni kama mapaipu ya gesi, kwani maji yale ni ya baridi. Usiliunganishe moja kwa moja na bomba la choo, la sivyo mtavuta harufu na kuisambazia ofisi nzima.

Chini ya mashine weka sinia la pili la bati, pana kuliko mashine, lenye swichi ya boya inayozima mashine maji yakipanda. Mteja akisema ni gharama ya ziada, muoneshe dari.

Halafu jaribu. Mimina lita tano kwenye sinia kwa chupa, taratibu, msaidizi akisimama mwisho wa bomba na ndoo. Zitoke karibu lita tano. Rudia siku ya mwisho feni ikiwa inazunguka.

Hatua ya 5: Mapaipu ya shaba na gesi

Kata kwa kikata paipu, msumeno unaacha unga. Kwangua ukingo wa ndani mdomo wa paipu ukiwa umeelekea chini. Ingiza nati kabla ya kupanua mdomo, tandaza mafuta kidogo, kaza kwa spana ya kupimia nguvu: robo inchi takriban niutoni mita 16, tano kwa nane takriban 70. Kukaza kwa hisia za mkono ndiko kunakopasua midomo.

Unapolehemu, pitisha naitrojeni kidogo ndani ya paipu ili masizi meusi yasijitengeneze. Kupima uvujaji ni kwa naitrojeni kavu kupitia regulata, hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kibati cha mashine. Usitumie oksijeni kamwe, hata kama mtungi wake ndio ulio karibu: oksijeni yenye msukumo ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, na mafundi wamekufa hivyo. Fungua madirisha pia, kwa sababu naitrojeni ikijaa kwenye chumba kidogo inamnyima mtu pumzi bila harufu wala onyo.

Iache ikae na msukumo usiku kucha. Asubuhi geji ikiwa pale pale, ukihesabu na tofauti ndogo ya joto, toa naitrojeni na vuta vakyumu, yaani nyonya hewa yote iliyobaki ndani, hadi maikroni 500 kwenye geji ya vakyumu au chini. Funga pampu usubiri. Ikipanda kidogo na kutulia, vizuri. Ikipanda moja kwa moja bila kusimama, kuna tundu mahali.

Mashine nyingi mpya zinakuja na gesi ya kupoozea ya R32, ambayo inaweza kushika moto. Ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni. Hakikisha ukubwa wa chumba unaruhusiwa kwa kiasi cha gesi kilichomo, tumia pampu na mashine ya kukusanyia gesi zilizotengenezwa kwa ajili yake, na kiberiti kikae mbali.

Hatua ya 6: Insulesheni na njia za hewa

Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70 inaanza kutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 26 hivi. Paipu ya kurudishia gesi ina nyuzi chini ya 15. Kwa hiyo pengo la upana wa kidole kwenye insulesheni litadondosha maji Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwaka mzima, na mteja atadhani ni sinia. Huku pwani natumia unene wa milimita 19 au zaidi, viungo vyote kwa gundi na utepe. Viungo vya nati vifunikwe mwisho, baada ya kupima uvujaji.

Njia za bati zishikwe na hanga zake zenyewe, zisiegemee mashine. Kati yake na mashine weka kiungo cha turubai kuzuia mtetemo. Zinapokatiza ukuta wa kuzuia moto, lazima kuwe na dampa ya moto, yaani kizibo kinachojifunga moto ukitokea, na king'ora cha moto kikilia feni izime yenyewe. Feni inayoendelea kuzunguka inasambaza moshi chumba kwa chumba.

Hatua ya 7: Kuwasha na kukabidhi

Swichi ya kuzimia iwe karibu na mashine, mahali fundi anayefuata ataiona akiwa juu. Waya wa ethi upimwe, usiangaliwe kwa macho tu. Kwa umeme wetu unaopanda na kushuka, kifaa cha kulinda volteji chenye kuchelewesha dakika tatu kinaokoa kompresa.

Washa, iache nusu saa, pima joto la hewa inayoingia na inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 inaridhisha. Rudi kwenye ndoo yako ya maji.

Kabla jipsamu haijazibwa, piga picha kila kitu: nondo, trapu, viungo, kibati. Acha mlango wa dari wa sentimita 60 kwa 60 chini ya filta na trapu, hata mchora ramani akilalamika kwamba unaharibu sura. Msimamizi wa jengo apewe picha hizo, aoneshwe swichi ilipo na namna ya kutoa filta, afanye mwenyewe mara moja mbele yako. Baada ya wiki moja rudi na tochi, panda kupitia mlango huo, na upapase chini ya sinia la pili kwa kiganja. Likiwa kavu, chukua hela yako ya mwisho.