Kuitunza Oppo UDP-205

Mwaka 2018 Oppo Digital, kampuni iliyotengeneza mashine hii ya kuchezea diski, ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza mashine mpya, kwa hiyo yangu naitunza kama mboni ya jicho. Inasoma CD, diski za muziki wa ubora wa juu (SACD na DVD-Audio), hadi diski za filamu za Blu-ray ya 4K.

Ikikwama, usikimbilie kulaumu lenzi inayosoma diski. Futa diski kwanza: kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha. Mimi niliwahi kufungua skrubu zote, kumbe ni alama ya kidole cha mjukuu wangu! Zile diski za kusafishia zenye brashi siziamini hata kidogo.

Usiibebeshe amplifaya juu, iache ipumue. Toleo la mwisho la programu inayoiendesha lihifadhi kwenye flashi. Ukihama nyumba, toa diski kabla ya kuibeba.