Jinsi ya kuomba ramani ya zamani ya Garsen ukiwa Nairobi

Mto Tana ukifurika huweza kujichimbia njia mpya, na vijiji vya Wapokomo vikalazimika kuufuata. Kwa hiyo ramani ya zamani ya Garsen ni mali. Hukuonyesha mto ulipita wapi na kijiji cha babu kilisimama ng'ambo ipi.

Anza na nambari ya karatasi ya ramani. Ramani za Kenya za skeli ya 1:50,000 hazitafutwi kwa jina la mji pekee; ya Nairobi, kwa mfano, ni 148/4, na kila karatasi hufunika dakika 15 za latitudo kwa 15 za longitudo. Garsen iko karibu 2°16′ kusini na 40°07′ mashariki. Nenda na vipimo hivyo Idara ya Upimaji, Ruaraka, kando ya Thika Road, uombe kuonyeshwa ramani ya faharasa, yaani ile inayoonyesha nambari ya kila karatasi, upate ya Garsen. Sema mapema kwamba unataka toleo la zamani, la sivyo utapewa lililopo.

Wakikosa kukusaidia papo hapo, andika barua. Sheria ya Upataji Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari, na barua yaweza kuwa kwa Kiswahili. Kitumie Kiswahili bila wasiwasi. Taja nambari ya karatasi, skeli na miaka unayoitaka. Hulazimiki kueleza sababu. Kuomba ni bure, ila gharama ya kunakili ni yako. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala. Tunza nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Pitia pia Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Beba kitambulisho, ujiandikishe, kisha uulizie ramani na faili za wilaya ya Tana River.

Kabla ya kuondoka na nakala, soma pambizo lote. Mwaka wa kuchapishwa si mwaka wa picha za ndege zilizotumika kuichora, na kwa mto unaohama, mwaka wa picha ndio muhimu. Kisha weka rula kwenye mstari wa skeli: kwa 1:50,000, kilomita 1 ni sentimita 2. Ikipungua, mashine ya kunakili imeipunguza ramani. Omba inakiliwe upya, pamoja na pambizo.