Kununua pinboli mpya ukiwa Malindi: andaa chumba kabla ya kulipa

Wengi wanaoagiza pinboli, ile mashine ya kupigia gololi chini ya kioo, kwa mara ya kwanza huanza na picha: ipi ina rangi nzuri, ipi ina taa nyingi. Kwa mtu wa pwani maswali ya kwanza ni mengine. Itakaa wapi isiliwe na chumvi? Umeme wake utalindwa vipi? Na ikigoma saa mbili usiku, nani ataifungua? Jibu la hilo la mwisho ni wewe. Mashine inatengenezwa Marekani, na fundi wake wa kwanza ni yule mwenye ufunguo. Ukilikubali hilo mapema, utanunua mashine nyingine kabisa na ile uliyoitamani mwanzo, na itakaa miaka.

Neno moja kabla hatujaendelea: ukizungumza na Mtaliano wa Malindi, sema flipper. Ndivyo wao wanavyoiita mashine yote. Humu, flipa ni vile viwiko viwili vya kupigia gololi.

Chumba

Mashine iliyosimama ina upana wa karibu sentimita 70, urefu wa 140 na kimo cha 192, na uzito wake ni takriban kilo 115. Mbele acha mita moja ya mchezaji, nyuma acha kiganja kimoja cha hewa, maana kichwa chake, lile kasha la nyuma lililosimama lenye bodi za umeme, kina matundu ya kupumulia.

Usiiweke barazani. Usiiweke chini ya makuti. Makuti hudondosha unga usiokwisha, na mjusi kafiri hupenda joto la kichwa cha mashine. Akipita juu ya bodi ya umeme hufa yeye na bodi. Ziba matundu ya nyuma kwa wavu mwembamba wa mbu, usiyazibe kwa tepu. Kasha lenyewe ni la mbao na plaiwudi, kwa hiyo kagua ukuta na sakafu kama kuna mchwa kabla ya boksi kuingia.

Chumvi ndiyo adui mkubwa. Pitisha kidole asubuhi kwenye nondo ya dirisha linalotazama bahari wakati wa kusi: utahisi utelezi unaonata, na ukionja ni chumvi. Hicho ndicho kitakachokaa juu ya gololi, kwenye miguu ya kromu na kwenye ncha za swichi. Gololi yenye kutu ni sawa na msasa. Huchuna varnishi ya uwanja, yaani ubao ambao gololi hukimbia juu yake, kila inapopita. Chagua chumba cha ndani chenye madirisha yanayofungika, nunua kipima unyevu, na lenga asilimia 40 hadi 60. Kama kuna kiyoyozi, usikizime ghafla na kufungua madirisha papo hapo: chuma baridi kikikutana na hewa ya joto kinatoa jasho, na jasho hilo linaingia kwenye viunganishi.

Mchanga nao. Anayetoka ufukweni na kuingia na viatu analeta mchanga, na punje moja chini ya gololi ya gramu 80 inatosha kuchora mstari. Weka mkeka mlangoni na uwe mkali juu yake.

Umeme

Kenya tunatumia volti 240 na hezi 50. Marekani ni takriban volti 120 na hezi 60. Mwambie muuzaji kwa maandishi kwamba unataka mashine ya volti 220 hadi 240, kisha mashine ikifika soma kibandiko chake kabla ya kuchomeka. Nyingine hubadilika zenyewe, nyingine zina swichi au kiunganishi cha kugeuza. Usikisie. Ukikosea, harufu ya kuungua utaisikia kabla hujaona taa.

Plagi iwe ya pini tatu yenye ethi, na ethi hiyo iwe ya kweli. Nyumba nyingi za zamani zina soketi yenye tundu la ethi lisilokwenda popote. Mchezaji hushika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, pengine pekupeku juu ya sakafu ya saruji, kwa hiyo mlete fundi umeme aipime ethi. Hapa hakuna cha kuahirisha.

Katikati ya soketi na mashine weka gadi, kile kidude kinachouzwa kwa ajili ya friji, chenye kuchelewesha umeme kwa dakika chache baada ya kurudi. Kinachoua bodi mara nyingi ni ule mshindo wa umeme unaporudi. Kama volti zako hupandashuka, ongeza stabilaiza ya wati 1000 au zaidi. Mashine hutumia kidogo tu kwa kawaida, lakini koili, zile sumaku za umeme zinazosukuma flipa na mitambo, zikivuta kwa pamoja huhitaji nguvu ya ghafla.

Toleo gani

Stern Pinball, iliyoko Elk Grove Village karibu na Chicago, ndiyo inayotoa mashine nyingi zaidi, na kila mchezo wake kwa kawaida huja kwa matoleo matatu: Pro, Premium na LE (Limited Edition, toleo la idadi maalumu). Bei za kiwandani za miaka ya karibuni zimekuwa takriban dola 7,000, dola 9,700 na dola 13,000. Jersey Jack Pinball, iliyoanzishwa 2011, hutengeneza mashine zilizojaa vitu na zenye skrini kubwa. Chicago Gaming hurudia kutengeneza michezo iliyopendwa ya miaka ya 1990.

Kwa mnunuzi wa kwanza wa Malindi ushauri wetu ni mmoja: Pro. Mchezo ni uleule, lakini mitambo inayonyanyuka, kuzunguka na kufunguka ni michache. Kila mtambo una mota au koili, swichi ya kuujulisha uko wapi, na nyaya zake. Hivyo ndivyo vitu vinavyoharibika, na kila kimoja kitaagizwa kutoka mbali. LE kwa kawaida ni Premium iliyopambwa na kupewa namba. Tofauti ya Pro na Premium, karibu dola 2,700, ifanye kuwa ya usafiri na vipuri.

Viwanda huuza kupitia wasambazaji. Kabla ya kulipa, pata majibu ya maandishi: dhamana inaanza lini, inagusa bodi tu au na mitambo, na nani analipa usafiri wa bodi mbovu kwenda na kurudi. Dhamana isiyolipa usafiri mpaka Kenya ina thamani nusu.

Vipuri vije kwenye shehena moja

Agiza pamoja na mashine: gololi 6 hadi 8 za ziada za milimita 27, seti nzima ya raba za mchezo huo, seti mbili za ukarabati wa flipa, koili moja ya flipa, swichi ndogo 4, fyuzi za kila aina zilizotajwa kwenye kitabu, springi ya kirushio (fimbo ya kurushia gololi uwanjani) na kikombe cha nta ya karnauba isiyo na msasa ndani yake. Vyote vinaingia kwenye boksi dogo.

Spana ni jambo ambalo watu husahau. Mashine ya Kimarekani hupimwa kwa inchi, na maduka yetu huuza za milimita. Kichwa cha skrubu cha inchi 5/16 kinakubali spana ya milimita 8, na boliti za miguu za 5/8 zinakubali 16. Lakini 11/32, ambayo imejaa chini ya uwanja, ni milimita 8.7: ya 9 inalegea na kula pembe za nati. Agiza bisibisi za soketi za 1/4, 5/16 na 11/32, na funguo za allen za inchi.

Forodha

Boksi lina ujazo wa takriban mita moja ya ujazo, kwa hiyo kwa bahari litachangia kontena na mizigo mingine hadi Kilindini. Tafuta wakala wa forodha mwenye leseni kabla ya kulipa kiwandani. Akupe makadirio kwa maandishi, na aulizwe mapema juu ya cheti cha ubora cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, maana ukaguzi wake hufanyika huko mzigo unakotoka. Mzigo ukishafika bila cheti, unaanza kulipia ghala.

Hesabu huanza na thamani ya mashine pamoja na nauli na bima. Tuseme mashine ni dola 7,000, nauli na bima 1,500: jumla 8,500. Tuseme tena ushuru ni asilimia 25: dola 2,125. VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya 10,625, yaani 1,700. Ada ya tamko la uingizaji ya asilimia 2.5 ni karibu 213, na ya reli ya asilimia 2 ni 170. Hapo umefika takriban dola 12,700, na bado bandari, wakala na lori la kilomita 120 kutoka Mombasa. Viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo wakala ahakikishe vya mwezi huo.

Kwenye ankara iandikwe wazi kwamba ni mashine ya burudani isiyotoa pesa. Kuchanganywa na kamari si jambo jipya: New York ilipiga marufuku pinboli kuanzia 1942 hadi 1976. Afisa anayeona mlango wa sarafu ana haki ya kuuliza, na karatasi imjibu.

Kwa wa Lamu, lori linaishia Mokowe, halafu boti, halafu mkokoteni wa hamali. Boksi lina upana wa karibu sentimita 80. Pima kona ya kichochoro na kona ya ngazi, usipime mlango peke yake. Na boti ifunikwe turubai hata kama bahari ni shwari.

Siku ya kufungua

Kabla ya kutia sahihi, zunguka boksi na simu. Tundu la uma wa foklifti au kona iliyobonyea, piga picha na uandike kwenye karatasi ya kupokelea. Ukishatia sahihi bila maelezo, madai ya bima hudhoofika. Kisha liache chumbani usiku mmoja likiwa limefungwa, lizoee hewa.

Watu watatu wanatosha. Boksi huja limesimama, mashine ikiwa imekalia mgongo wake na kichwa kimekunjwa. Vua boksi, funga miguu miwili ya mbele ikiwa bado imesimama, boliti mbili kila mguu. Ilazeni taratibu mpaka miguu iguse sakafu, wawili wainue nyuma, wa tatu afunge miguu ya nyuma. Msiiburute hata kidogo. Mguu uliopinda hupasua kona ya kasha.

Sasa kichwa. Ukikata kamba yake kabla mtu hajakishika, kitaanguka, na ni kizito vya kutosha kuvunja mkono. Wawili wakiinue, wa tatu aangalie nyaya zisibanwe kwenye bawaba, kisha kifungwe kwa ufunguo wa allen uliokuja nao. Mpaka kifuli kiingie, mikono isitoke.

Funguo za mlango mara nyingi zimefungwa kwenye kirushio. Fungua mlango wa sarafu, vuta wenzo, upau wa mbele utatoka, na kioo kitateleza kuja kwako. Kishike pembeni kwa mikono miwili na ukilaze juu ya godoro. Kioo hiki kimepikwa kwa moto: katikati kinavumilia ngumi, lakini kona ikigusa marumaru, hata kwa kishindo cha kijiko, chote kinamwagika punje punje.

Ndani ya kasha la pesa utakuta mfuko wa gololi, kitabu na timazi. Ndiyo, timazi kama ya mwashi: huning'inia ndani ya pete, na mchezaji akiitikisa mashine kupita kiasi inagusa pete na unapoteza gololi hiyo. Itundike wewe mwenyewe. Ondoa sponji na vibano vyote vya safari, okota skrubu yoyote iliyolala uwanjani na utafute ilikotoka. Gololi ziingie mwisho, kwa idadi ya kitabuni. Siku yoyote utakayousimamisha uwanja kufanya kazi chini yake, zitoe kwanza.

Pimamaji iwekwe juu ya uwanja wenyewe. Ukiiweka juu ya kioo au kasha itakudanganya. Kushoto na kulia iwe sawa kabisa. Mbele na nyuma mwinamo uwe digrii 6.5, na simu inapima vizuri. Ukipungua, gololi inazubaa na mchezo unachosha. Ukizidi, haifiki juu ya rampu. Kaza nati za miguu, pima tena.

Washa. Ingia kwenye menyu kwa vitufe vya ndani ya mlango na ujaribu kila swichi, kila koili, kila taa. Kitu kisipoitika kwenye mashine mpya, tatizo mara nyingi ni kiunganishi kilicholegea kwa mtikisiko wa safari. Zima, kisukume ndani, jaribu tena kabla ya kumwandikia muuzaji. Kirushio kikirusha gololi upande, kilegeze na ukipangie katikati yake.

Mitambo ya sarafu imepimwa kwa robo dola na haitakubali shilingi 20 yako. Weka mchezo wa bure, au chukua malipo kaunta kwa M-Pesa na uongeze mchezo kwa kitufe cha ndani ya mlango. Ikiwa ni ya biashara, kibali cha kaunti kinahitajika.

Baada ya michezo 50 ya kwanza utaona vibonyeo vidogo vya mviringo uwanjani. Hivyo ni vya kawaida, na vitapungua kuonekana kadiri vinavyoongezeka na kusawazika. Kisicho cha kawaida ni varnishi kunyanyuka au kupasuka kando ya nguzo. Piga picha siku hiyohiyo umtumie msambazaji.

Kisha kila michezo 200 toa kioo, futa kwa kitambaa kikavu cha maikrofaiba, paka nta kidogo, ing'arishe. Gololi zishike mkononi moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Yenye doa la rangi ya chai usiisugue, itupe.